Boga Kubwa Linapoharibika: Tazama Kwanza Limeanzia Kuoza Wapi

Boga la kilo kumi halimalizwi kwa mlo mmoja, na shida huanzia hapo. Linakaa pembeni mwa jikoni likionekana zima kabisa, halafu asubuhi moja unaliinua na kidole kinazama. Wa Kisumu atalaumu joto, wa Molo atalaumu baridi. Hali ya hewa ina mchango wake, lakini maboga mengi yanayoozea nyumbani yaliumia mapema: shambani, siku ya kukatwa, au njiani yakiwa juu ya boda boda. Kule ghalani jeraha linapata tu muda wa kuonekana.

Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, lizungushe boga lote na utafute mahali uozo ulipoanzia. Mahali hapo patakueleza mengi kuliko rangi ya ukungu.

Limeoza kuanzia kikonyoni

Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote. Kikonyo kikivunjika, panabaki kovu bichi ambalo halifungi vizuri, na vimelea vya kuoza hupitia hapo hadi kwenye mbegu huku ganda la nje likiendelea kung'aa. Uliza lilivunwaje. Kama lilinyongwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa kisu, au kikonyo kilikatwa karibu na ganda, au mtu alilibeba kwa kushika kikonyo kama mpini wa ndoo, jibu umeshalipata. Kikonyo kinachofaa ni cha sentimita 5 hadi 10, kilichokatwa kwa kisu chenye makali siku isiyo na mvua. Boga lenyewe hubebwa kwa kukumbatiwa.

Ukilinunua likiwa halina kikonyo, si lazima liwe bovu. Liweke katika kundi la kupikwa wiki hiyo, lisikae na yale ya akiba.

Kuna wakati kikonyo hukauka na kuanguka chenyewe baada ya boga kukaa nyumbani. Hapo angalia limewekwa jirani na nini. Ndizi zinazoiva, maembe na maparachichi hutoa gesi ya etilini, na gesi hiyo hulegeza kikonyo na kuzeesha boga. Nyumba nyingi hupanga kila kitu kutoka sokoni kwenye kona moja. Hamisha ndizi.

Limeoza upande wa tumboni

Upande huo ni ule uliolala chini. Sakafu ya saruji huwa na unyevu kwa chini hata ikionekana kavu, na boga lililokaa mkao mmoja mwezi mzima hulainika pale linapogusana nayo. Gunia la plastiki huongeza tatizo. Tandika nyasi kavu, au tengeneza uchaga wa mbao wenye nafasi katikati, kisha uyapange maboga safu moja bila kugusana. Kuyarundika kama magunia ya mahindi hukuumiza mara mbili: la chini linapondeka, na likioza huwezi kuliona hadi maji yake yafike mlangoni.

Kama doa la tumboni lilikuwepo tangu shambani, kulikuwa na udongo uliolowa. Anayelima awekee kila boga linalokua kipande cha ubao au nyasi kavu chini yake, hasa msimu wa mvua za Machi hadi Mei.

Limeoza kwenye kitovu, pale ua lilipokuwa

Doa gumu, kavu, la kahawia au jeusi, ambalo haliongezeki, mara nyingi linatokana na mmea kupata maji kwa vipindi visivyolingana, yaani ukame halafu mafuriko, hivyo madini ya kalisi hayakufika kwenye ncha ya tunda. Kata sehemu hiyo, mengine yapike. Doa laini linalopanuka ni kuvu au bakteria walioingia kupitia mabaki ya ua. Hilo usilitie ghalani kabisa.

Limeoza ubavuni

Hapa kuna mambo matatu, na moja linaniudhi. Wanunuzi sokoni, iwe Kibuye au Chwele, hupima kukomaa kwa kuchoma ganda kwa ukucha. Kipimo chenyewe ni sahihi: ganda la boga lililokomaa halipenyezeki kwa ukucha kirahisi. Lakini wakipita watu kumi na kila mmoja akachoma mahali pake, boga linarudi nyumbani na matundu kumi. Mama mboga anayejua kazi yake hutenga boga moja la majaribio, na mengine hayaguswi.

"Mama, hili limekomaa?"

"Tazama kikonyo, mwanangu, usinitoboe."

Na ni kweli, kikonyo kinatosha. Kikiwa kimekauka na kuwa kama gome, na sehemu iliyolalia udongo imegeuka njano au rangi ya krimu, limekomaa.

Jambo la pili ni mchubuko wa safari. Boga linaonekana gumu lakini likidondoka kutoka kwenye mkokoteni nyama ya ndani hupasuka bila ganda kuonyesha dalili, na baada ya muda unaona ubavu umebonyea. La tatu ni jua: ubavu uliopauka na kukakamaa kama karatasi umeungua shambani baada ya majani kukauka, na pale ganda halina kinga tena.

Kuna vitundu vidogo vinavyotoa utomvu

Ni nzi wa matunda. Jike hutoboa ganda likiwa bado changa na kutaga mayai, kisha funza hula nyama ya ndani. Ukiona kitundu chenye utomvu uliogandia, lipasue siku hiyohiyo. Mara nyingine shambulio ni dogo na nusu ya pili ni salama. Yaliyojaa funza usiyatupe kwenye lundo la mbolea lililo wazi, kwa sababu funza watakomaa humo na kurudi shambani. Yafunge ndani ya mfuko wa plastiki na uuache juani siku kadhaa, au yafukie kwa kina kinachozidi nusu mita.

Lina vishimo vidogo kila mahali

Hii ni shida ya sehemu za juu. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, mji wa Nakuru karibu 1,850, na Molo karibu 2,500. Boga huumia likikaa muda mrefu chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na usiku wa Juni na Julai huko Molo hufika hapo bila shida. Dalili ni vishimo vilivyobonyea vilivyotapakaa kwenye ganda, na uozo unaokuja kwa kasi mara tu boga linapohamishiwa mahali pa joto. Ndiyo maana boga lililotoka baridini huharibika siku chache baada ya kuteremshwa Kisumu, na mnunuzi akadhani ameuziwa la zamani.

Kwa sababu hiyohiyo, boga zima halitiwi friji. Friji ya nyumbani huwa karibu nyuzi 4.

Kulikausha ganda, na mahali pa kuliweka

Baada ya kuvuna, boga linahitaji kama siku 10 mahali pakavu, penye hewa na joto la nyuzi 25 hadi 29, ili ganda likakamae na mikwaruzo midogo ijifunge. Kisumu, Busia na Ahero hali hiyo ipo bure: baraza lenye kivuli linatosha. Njoro au Molo itabidi uyatandaze juani mchana na kuyaingiza ndani jioni, au uyaweke chumba chenye mabati ambacho hupata joto mchana. Mvua isiyaguse. Kama yana udongo, yafute kwa kitambaa kikavu. Ukilazimika kuyaosha, yakaushe kabisa kabla ya kuyapanga.

Baada ya hapo mambo hugeuka: sasa boga linataka ubaridi wa kiasi, nyuzi 10 hadi 13, na unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 70. Hapa wa Nakuru mjini na Bahati ndio wenye bahati, kwani chumba chenye kivuli upande usiopigwa na jua la alasiri huwa karibu na kiwango hicho usiku. Katika hali hiyo boga lililokomaa vizuri hukaa miezi miwili au mitatu, na aina nyingine zaidi ya hapo. Kisumu usijidanganye. Boga lililovunwa bado linapumua, na kadiri joto linavyopanda ndivyo linavyotumia sukari yake na kupoteza maji. Panga kulimaliza ndani ya mwezi mmoja hadi miwili, na usiliweke darini chini ya mabati, hata kama bibi alikuwa akiweka hapo. Dari ya bibi ilikuwa ya nyasi.

Kila wiki yapitie kwa mkono, moja baada ya jingine. Lililoanza kulainika litoke siku hiyo.

Kuhusu lililooza upande mmoja: doa likiwa dogo na kavu, kata ukiacha angalau sentimita 2 na nusu za nyama nzima kulizunguka. Likiwa laini, lenye maji au lenye harufu ya kuchacha, na harufu imefika kwenye mbegu, tupa lote.

Limepasuliwa, na limeharibika kesho yake

Kinachoharibika kwanza ni nyuzi na mbegu za katikati. Zikwangue zote kwa kijiko mara tu unapopasua, funika upande uliokatwa, tia friji, na utumie ndani ya siku tatu hadi tano. Vipande vinavyouzwa mezani sokoni vimekaa na vumbi na nzi tangu asubuhi. Chagua kilichokatwa mbele yako.

Bila friji, njia bora ni kugawana. Nyumba tatu zinanunua boga moja, linapasuliwa, kila mmoja anapika siku hiyo. Njia nyingine ni kukausha: vipande vyembamba vya milimita 3 hadi 5, vipitishwe kwenye mvuke dakika chache, kisha vianikwe mahali penye hewa lakini kivulini, kwa sababu mwanga wa jua huharibu beta-karotini, ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ambayo ndiyo sababu kubwa ya kula boga. Vikifika hatua ya kuvunjika ukivikunja, vitie kwenye mkebe unaofunga vizuri. Mwenye friza apike, aponde, agandishe katika mifuko iliyolazwa bapa. Kulifunga lililopondwa kwenye chupa nyumbani ili likae kabatini ni hatari. Ni zito mno kwa joto kupenya hadi katikati, na bakteria wa botulismi, wanaotoa sumu inayoweza kuua, hustawi humo.

Lina maji na halina ladha

Ama lilivunwa changa, ama lilinyeshewa sana kabla ya kuvunwa, ama umelizamisha kwenye maji mengi. Sukari ya boga hutokana na wanga uliokwisha kuwekwa ndani likiwa bado kwenye mmea, kisha wanga huo hugeuka sukari taratibu likiwa limehifadhiwa. Hivyo lililokomaa huzidi utamu baada ya wiki chache, lakini lililokatwa changa hata ukilingoja hadi Krismasi halina cha kugeuza. Hilo lipike kama mboga, na vitunguu na nyanya.

Kwa lililokomaa, acha kuchemsha. Lipike kwa mvuke likiwa na ganda lake, maji kidogo tu chini ya sufuria, kisha funua na uliache likauke juu ya moto mdogo.

Lina nyuzi nyingi kupita kiasi? Limekaa sana kwenye joto, au ndiyo aina yake. Ponda, chuja, tia kwenye supu. Mbegu zimeota ndani? Joto na muda. Nyama ikiwa ngumu na haina harufu mbaya wala uchungu, inalika. Mbegu zilizoota tupa.

Ni chungu

Hapa simama. Boga tamu halipaswi kuwa chungu hata kidogo. Uchungu ni kukabitasini, sumu ya asili ya jamii ya maboga, na kupika hakuiondoi. Husababisha kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara vibaya. Hutokea hasa mbegu ikitoka kwenye boga lililochavushwa na boga pori la jamii yake ya karibu, au na maboga ya mapambo. Ukame huongeza ukali wake. Chavua haibadilishi nyama ya boga la msimu huu, inabadilisha watoto wake, kwa hiyo mkulima hugundua mwaka unaofuata.

Ukipasua boga la mbegu za kuokota, onja kipande kidogo kibichi na uteme. Likiwa chungu, lote litupwe, ng'ombe asipewe, na mbegu zake zisipandwe.

Mtoto anakula boga kila siku lakini haongezi uzito

Swali hili huja sana kutoka kwa akina mama wanaoanzisha chakula baada ya miezi sita, na jibu linawashangaza. Boga lililochemshwa ni maji kwa karibu asilimia 94. Kwa majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 zake zina kilokalori kama 20, wanga gramu 5 na protini chini ya gramu moja. Maziwa ya mama yana kilokalori zinazokaribia 70 kwa kiasi hichohicho. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza boga tupu umechukua nafasi ya maziwa na kumpa maji matamu.

Boga lenyewe halina kosa, limepewa tu kazi isiyo yake. Kazi yake ni vitamini A. Gramu 100 za kuchemsha zina kama mikrogramu 288, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji 300 kwa siku. Mwanamke mzima anahitaji 700 na mwanamume 900. Boga la nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea ndilo lenye karotini nyingi. La nyama iliyopauka lina kidogo. Sasa liongezee nguvu: liponde pamoja na maharagwe kama mushenye, au tia yai, unga wa omena, njugu zilizosagwa laini, maziwa. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chai ni ya lazima kama hakuna mafuta mengine, kwa sababu karotini hainyonywi vizuri na mwili bila mafuta. Boga na chai ya rangi asubuhi ni tamu, ila karotini nyingi inapita tu.

Sukari imepanda baada ya kula boga

Mwenye kisukari huambiwa na jirani kwamba boga ni hatari. Kuna vipimo vinavyoliweka kwenye kundi la vyakula vinavyopandisha sukari haraka, lakini kwa kawaida kipimo hicho hufanywa kwa gramu 50 za wanga wa chakula, na ili upate kiasi hicho kwenye boga la kuchemsha unahitaji kula kama kilo nzima. Viazi vitamu vya kuchemsha vina wanga kama gramu 18 kwa kila 100, ugali unazidi hapo. Angalia basi kilichokuwa sahani moja na boga. Mara nyingi ni chai ya vijiko vitatu vya sukari, au chapati ya boga ambayo kwa kweli ni unga wa ngano uliotiwa rangi. Aina kavu na tamu, kama ile yenye shingo ndefu, zina wanga karibu mara mbili ya boga la maji, zaidi ya gramu 10 kwa 100. Pima sukari kabla na saa mbili baada ya kula boga bila vitu hivyo, ndipo useme. Dawa usizibadilishe kwa matokeo ya mlo mmoja.

Viganja vimekuwa vya njano

Karotini ikizidi hujikusanya kwenye ngozi, hasa viganja, nyayo na pua, kwa mtoto anayepewa boga na karoti kila siku. Haina madhara, na hupungua yenyewe baada ya wiki kadhaa ukipunguza. Lakini mwangalie macho. Weupe wa macho ukibaki mweupe, ni boga. Ukiwa wa njano, au mkojo umekuwa mweusi kama chai, hilo ni ini, na safari ni ya hospitali leo.

Wenye ugonjwa wa figo waliopunguziwa potasiamu waulize daktari kabla ya kula boga sana: lina kama miligramu 230 kwa gramu 100 likichemshwa, na sehemu huenda na maji yakimwagwa. Hao ndio pekee ninaowaambia wachemshe kwenye maji mengi.

Mbegu zimeota ukungu baada ya kuanikwa

Hazikuoshwa ute. Zioshe zikiwa mbichi, zisugue kwenye chujio hadi zisiteleze, zitandaze safu moja juu ya kitambaa na uzigeuze mara kwa mara. Inafaa kuhangaika nazo: gramu 100 za mbegu kavu bila maganda zina protini kama gramu 30 na mafuta karibu 49, pamoja na zinki na magnesi, vitu ambavyo nyama ya boga haina kwa wingi. Zikaange bila mafuta kwenye kikaango hadi zianze kupasuka, zisage, na uzirudishe kwenye lile boga la mtoto.